Kibali cha mradi hakigawanywi vipande: Funzo la kesi ya nyumba 401 za Aberdyfi

Na Mwandishi Wetu

IMEKUWA jambo la kawaida kwa mwendelezaji wa ardhi kubadili mawazo baada ya kupata kibali. Mchoro ulioidhinishwa unaonyesha barabara upande wa mashariki wa eneo, naye amekuta mwamba na anataka kuihamishia magharibi. Mchoro unaonyesha nyumba ndogo ndogo, naye amepata mteja anayetaka nyumba kubwa. Huenda halmashauri, baada ya kuombwa, ikamruhusu kujenga nyumba hiyo moja kwa namna tofauti na ilivyochorwa. Hapo wengi huona jambo limekwisha. Swali ambalo hawajiulizi hadi siku wanapopokea barua ya kusimamisha kazi ni hili: mabadiliko hayo ya sehemu moja yanakiachaje kibali cha mradi mzima?

Swali hilo lilijibiwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 2 Novemba, 2022, katika shauri kati ya kampuni ya Hillside Parks na Mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Snowdonia, huko Wales. Shauri hilo lilihusu kibali kilichokuwa na umri wa miaka 55, mradi wa nyumba 401, na ukweli kwamba katika kipindi hicho chote zilikuwa zimejengwa nyumba 41 tu. Majaji watano waliolisikiliza walikubaliana kwa kauli moja, na kampuni ikapoteza haki iliyodhani iko salama mikononi mwake.

Makala haya yanaeleza mgogoro huo ulivyoanza, hoja zilizotolewa na sababu za uamuzi, pamoja na mambo ambayo mwendelezaji, mnunuzi wa nyumba na mamlaka ya upangaji katika nchi zetu wanaweza kujifunza.

Chanzo cha mgogoro

Aberdyfi ni kijiji cha pwani magharibi mwa Wales, kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Snowdonia, ambayo kwa Kiwelisi huitwa Eryri. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea hifadhi zisizo na makazi ya watu hana budi kufahamu kwamba hifadhi za taifa za Uingereza ni za aina nyingine. Ndani yake mna vijiji, mashamba, maduka na barabara, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kwa sababu hiyo mamlaka ya hifadhi ndiyo pia mamlaka ya upangaji, yaani chombo kinachopokea maombi ya ujenzi na kuyatolea uamuzi.

Tarehe 10 Januari, 1967, Halmashauri ya Merioneth, iliyokuwa na madaraka ya upangaji wakati huo, ilitoa kibali cha kujenga nyumba 401 katika eneo la Balkan Hill. Kibali kiliambatana na ramani kuu iliyoonyesha mahali pa kila nyumba pamoja na mtandao wa barabara za ndani. Ulikuwa mradi mmoja, uliochorwa kwa pamoja na kuidhinishwa kwa pamoja.

Hata hivyo, utekelezaji haukufuata ramani hiyo. Tangu mwaka huohuo wa 1967 mwendelezaji alianza kuomba ruhusa ya kujenga sehemu fulani kwa namna tofauti, na ruhusa hizo zilitolewa. Nyumba chache zikajengwa, kazi ikaenda polepole, kisha ikasimama.

Katika miaka ya 1980 mamlaka ya upangaji ilidai kwamba kibali cha mwaka 1967 kimekwisha nguvu. Suala likafikishwa Mahakama Kuu, na mwaka 1987 Jaji Drake akatoa hukumu iliyoupa ushindi upande wa mwendelezaji. Alisema kazi iliyokwishafanyika ilitosha kuhesabiwa kuwa mradi umeanza kihalali, na kwamba ujenzi ulioruhusiwa ungeweza kukamilishwa wakati wowote baadaye.

Mwaka uliofuata, kampuni ya Hillside Parks ilinunua eneo hilo. Kwa mnunuzi yeyote wa ardhi, hukumu ya namna hiyo ni amana kubwa. Kampuni ilikuwa na kibali cha mamia ya nyumba na uamuzi wa mahakama unaosema kibali hicho hakina tarehe ya mwisho. Kilichobaki ni kujenga.

Barua ya mwaka 2017

Kampuni nayo haikuifuata ramani ya mwaka 1967 neno kwa neno. Kuanzia mwaka 1996, ambapo madaraka ya upangaji yalikuwa yamehamia kwa Mamlaka ya Hifadhi, hadi mwaka 2011, iliomba na kupewa vibali vingine kwa ajili ya sehemu mbalimbali za eneo. Kila kibali kiliruhusu ujenzi usiolingana na ramani kuu. Hakuna aliyelalamika. Mwombaji alipata alichotaka, na mamlaka iliona maombi ni ya haki.

Kisha mwaka 2017 mamlaka iliiandikia kampuni kwamba kibali cha mwaka 1967 hakiwezi tena kutekelezwa. Sababu iliyotolewa haikuwa muda kupita. Mamlaka ilisema kwamba majengo yaliyojengwa kwa vibali vya baadaye yameifanya ramani kuu isiwezekane kutekelezwa ardhini, na ikaitaka kampuni isimamishe kazi mpaka hali ya upangaji wa eneo hilo itakapowekwa sawa.

Uzito wa barua hiyo unaonekana kwa hesabu ndogo. Kati ya nyumba 401, zilikuwa zimejengwa 41. Nyumba 360 zilizosalia zilikuwa hatarini kuondoka pamoja na kibali. Kampuni haikuwa na haja ya kuomba upya mradi wa aina hiyo ilimradi kibali cha mwaka 1967 kipo. Kama kingehesabiwa kuwa hakitumiki, ingelazimika kupeleka ombi jipya ndani ya hifadhi ya taifa, kwa sera za leo za mazingira na mandhari, ambazo ni tofauti sana na za mwaka 1967.

Kampuni ilikwenda mahakamani kutaka itamkwe kwamba kibali kingali hai. Ilishindwa Mahakama Kuu, ikashindwa tena Mahakama ya Rufani mwaka 2020, ndipo ikafika Mahakama ya Juu.

Kanuni ya vibali visivyopatana

Ili kuelewa uamuzi wa Mahakama ya Juu ni vema kuanzia katika shauri la mwaka 1973 linalojulikana kwa jina la Pilkington. Mmiliki wa ardhi alipewa kibali cha kujenga nyumba moja katika sehemu ya ardhi yake, kwa sharti kwamba hiyo iwe nyumba pekee katika eneo hilo. Akaijenga. Baadaye akagundua kwamba kulikuwa na kibali kingine, kilichotangulia, kilichoruhusu nyumba mahali pengine ndani ya ardhi hiyohiyo, huku ardhi iliyobaki ikitarajiwa kutumika kama shamba dogo. Akaanza kujenga nyumba ya pili, mamlaka ikamzuia.

Mahakama ilikubaliana na mamlaka. Ilieleza kwamba si kosa kwa ardhi moja kuwa na vibali viwili au vitatu vinavyotofautiana, maana mmiliki anaweza kuomba namna mbalimbali za kuiendeleza ardhi yake na kuchagua moja. Lakini akishachagua na kujenga, hawezi kugeuka na kutumia kibali kingine ambacho utekelezaji wake hauwezekani tena kwa sababu ya kile alichokwisha kujenga. Nyumba ya kwanza ilikuwa imekaa juu ya ardhi ambayo kibali cha pili kiliihesabu kuwa shamba.

Kipimo cha mahakama, kwa hiyo, ni cha kuangalia ardhi yenyewe. Huchukuliwa ramani ya kibali kinachotaka kutumika, kikalinganishwa na kilichopo ardhini, kisha ikaulizwa: je, bado inawezekana kujenga kilichoidhinishwa bila kugongana na kilichokwisha kujengwa kwa kibali kingine?

Hoja za kampuni na majibu ya mahakama

Hukumu ya Mahakama ya Juu iliandikwa kwa pamoja na Lord Sales na Lord Leggatt, na majaji wengine watatu wakaiunga mkono. Hoja za kampuni zilikuwa tatu, na kila moja inastahili kuelezwa kwa kuwa ndizo hoja ambazo mwendelezaji yeyote angezitoa.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba kanuni ya Pilkington inahusu mtu aliyekiacha kibali chake kwa hiari, nayo kampuni haikuwahi kuonyesha nia ya kukiacha kibali cha mwaka 1967. Mahakama iliikataa. Ilikumbusha kwamba kwa sheria ya Uingereza kibali cha kuendeleza ardhi huambatana na ardhi, si na mtu, na hakiwezi kufutika kwa sababu tu mwenye ardhi ameamua kukiacha. Kwa hiyo nia ya mmiliki haina nafasi katika jambo hili. Mtu anaweza kukipenda kibali chake na kukitunza kabatini kwa miaka hamsini. Kama ardhi imejengwa kwa namna isiyopatana nacho, hakimruhusu kuendelea.

Hoja ya pili ndiyo iliyokuwa kiini cha shauri. Kampuni ilisema kwamba kibali cha nyumba 401 kisomwe kama vibali 401 vilivyofungwa pamoja. Kama sehemu moja imejengwa tofauti, sehemu hiyo tu ndiyo iliyopotea. Sehemu nyingine, ambako ramani bado inawezekana, zibaki na ruhusa yake. Kampuni ilitegemea uamuzi wa zamani wa mwaka 1964, unaojulikana kama Lucas, ulioonekana kukubali mtazamo huo.

Majaji hawakukubali. Walisema mamlaka ya upangaji inapoidhinisha mradi wa nyumba nyingi huidhinisha kitu kizima. Imepima idadi ya nyumba pamoja na barabara zitakazozihudumia na nafasi zilizoachwa wazi. Mvuto wa sehemu moja huenda ndio uliofidia kasoro ya nyingine. Kama mwendelezaji angeruhusiwa kuchukua vipande anavyovipenda, angeweza kujenga nyumba zenye faida na kuyaacha mambo ambayo ndiyo yaliyofanya mradi ukubalike. Kwa hiyo kibali cha namna hiyo hakisomwi kuwa mkusanyiko wa ruhusa ndogo ndogo, isipokuwa pale maneno yake yanapoonyesha wazi kwamba ndivyo kilivyokusudiwa. Uamuzi wa Lucas haukuweza kusimama kama kanuni ya jumla.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba vibali vya baada ya mwaka 1987 visihesabiwe kuwa vibali vipya, bali marekebisho ya kile cha mwaka 1967. Mamlaka iliporuhusu sehemu moja ijengwe tofauti, ilikuwa inaibadili ramani kuu na kuiacha iendelee kuwa hai pamoja na badiliko hilo. Mahakama ilijibu kwamba inawezekana kupata kibali kinachobadili mradi mzima, lakini ombi lake lazima lionyeshe hivyo: liuhusu mradi wote na kueleza jinsi badiliko linavyoungana na sehemu zilizosalia. Vibali vilivyotolewa kwa Hillside Parks vilihusu sehemu ndogo tu, na havikusema lolote kuhusu ramani iliyobaki. Havikuwa marekebisho ya mradi mzima.

Ama hukumu ya mwaka 1987, mahakama iliiheshimu. Jaji Drake alikuwa ameamua kwa kuangalia hali ya ardhi ilivyokuwa siku ile. Hakuweza kuamua, wala hakuamua, kuhusu majengo ambayo yangejengwa baadaye. Kilichokivunja kibali ni kazi zilizofanyika baada ya hukumu hiyo.

Yale ambayo mahakama ilikataa kuyafanya

Ni vema kutokusoma uamuzi huu zaidi ya ulivyo. Mahakama iliweka mipaka inayomlinda mwendelezaji na, zaidi yake, mtu aliyenunua nyumba.

Kwanza, haikusema kwamba kila tofauti ndogo na mchoro inaua kibali. Tofauti lazima iwe ya maana ikilinganishwa na mradi wote, na hilo hupimwa kwa mazingira ya kila mradi. Dirisha lililosogezwa si sawa na nyumba iliyosimamishwa mahali ambapo mchoro unaonyesha barabara ya kuhudumia nyumba nyingine.

Pili, haikusema kwamba mradi usiokamilika unazifanya nyumba zilizokamilika kuwa haramu. Mwendelezaji akiishiwa fedha baada ya kujenga nyumba 100 kati ya 400, nyumba hizo 100, kama zimejengwa kwa kufuata kibali, zinabaki halali. Vinginevyo familia zilizonunua nyumba kwa nia njema zingeadhibiwa kwa kushindwa kwa mtu mwingine.

Tatu, nyumba zilizojengwa Aberdyfi kwa vibali vya baadaye hazikuguswa, kwa kuwa kila moja ilikuwa na ruhusa yake. Kilichopotea ni haki ya kuendelea kujenga kwa kutegemea kibali cha mwaka 1967.

Matokeo yake katika sekta ya ujenzi

Uamuzi huo ulisikika mbali kuliko Aberdyfi. Nchini Uingereza, miradi mikubwa ya makazi huchukua miaka mingi, na ilikuwa desturi kwa waendelezaji kupata kibali cha mradi mzima, kisha soko linapobadilika kuomba kibali kidogo cha kipande kimoja na kukichomeka ndani ya kile kikubwa. Baada ya Novemba 2022, benki, mawakili na wanunuzi wa miradi walilazimika kuuliza kila mara kama kibali kidogo kilichochomekwa hakijakivunja kile kikubwa.

Sheria ya nchi hiyo ilikuwa na njia mbili za kurekebisha kibali bila kuanza upya: moja kwa mabadiliko yasiyo na uzito, na nyingine kwa kubadili masharti yaliyoambatana na kibali. Katikati yake palikuwa na pengo, maana badiliko lenye uzito wa wastani halikuwa na mlango wake. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilipitisha, kwa ajili ya England, kifungu kipya katika sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1990, kinacholenga kuruhusu mabadiliko makubwa zaidi ilimradi matokeo yake yasitofautiane kwa kiasi kikubwa na kibali cha awali.

Uhusiano na sheria zetu

Sheria za mipangomiji za Afrika Mashariki zilianza kwa kufuata mfano wa Uingereza. Hapa Tanzania, sheria iliyotangulia ilikuwa ya mwaka 1956, enzi za ukoloni, hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007. Kenya inatumia sheria yake ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na migogoro ya aina hii huweza kufika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyotokana na Katiba ya mwaka 2010.

Maamuzi ya mahakama za Uingereza hayazifungi mahakama zetu. Yanaweza kusomwa na kushawishi, lakini kila shauri huamuliwa kwa sheria ya nchi husika. Hata hivyo msingi wake haupo mbali nasi. Sheria yetu nayo inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mpango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na mchoro wa mipangomiji nao huidhinishwa kwa ujumla wake: viwanja vya makazi pamoja na barabara, shule, zahanati na eneo la wazi. Mwananchi anayenunua kiwanja kwa kuonyeshwa mchoro wenye barabara na uwanja wa watoto, kisha akakuta nyumba zimesimama juu ya vyote viwili, anaielewa hoja ya majaji bila kufundishwa sheria.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwendelezaji, funzo la kwanza ni kutoa taarifa za mradi mzima kila anapoomba badiliko. Ombi linalohusu kiwanja kimoja lieleze litakavyoathiri barabara, mifereji na viwanja jirani, na liambatane na mchoro mpya wa eneo lote. Pale anapotarajia kujenga kwa awamu, aombe tangu mwanzo kwamba kibali kiseme wazi kuwa kila awamu inajitegemea. Maneno hayo machache yangeweza kuibadili kesi ya Aberdyfi.

Kwa mnunuzi wa mradi au wa ardhi yenye kibali cha zamani, kusoma kibali hakutoshi. Ni lazima kwenda eneo la mradi na mchoro ulioidhinishwa mkononi, na kuangalia kama kilichojengwa kinaafikiana nao. Hillside Parks ilikuwa na kibali na hukumu, vyote vya kweli, na bado havikuisaidia.

Kwa mamlaka za upangaji, jukumu ni kutunza kumbukumbu za michoro na kumwambia mwombaji mapema pale badiliko analoliomba litakapokigusa kibali kikubwa. Huko Wales vibali vidogo vilitolewa kwa zaidi ya muongo mmoja, na onyo likaja miaka mingi baada ya majengo kusimama. Sheria ilikuwa upande wa mamlaka, lakini gharama ya ukimya huo ililipwa na pande zote mbili kwa miaka mitano ya mgogoro.

Kwa mwananchi wa kawaida, anapoona ujenzi katika mtaa wake unaachana na mchoro ulioidhinishwa, ni vema afike katika ofisi ya mipangomiji ya halmashauri yake na kuuliza kabla msingi haujainuka. Mstari wa mchoro unaweza kurekebishwa kwa ombi jipya, lakini ukuta uliokwisha kusimama mahali pa barabara huacha mgogoro ambao, kama ulivyokuwa ule wa Balkan Hill, unaweza kudumu kuliko watu waliouanzisha.